Nguvu Iliyomo Katika Harufu ya Majani

Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini walijua kuchagua majani. Mtu aliposhikwa na mafua, walimfikichia majani yenye harufu kali akayanusa, au wakayachemsha akajifukiza. Je, hiyo ilikuwa desturi tupu, au mlikuwa na kitu ndani ya majani yale? Jibu moja lapatikana kando ya msitu wa Kakamega.

Huko hulimwa mmea wa ukoo wa mrehani na kivumbasi, ambao wataalamu huuita Ocimum kilimandscharicum. Juu ya majani yake mna vifuko vidogo mno vyenye mafuta. Mafuta haya si kama ya nazi. Dondosha tone la mafuta ya nazi juu ya karatasi, na doa litabaki; lakini tone la mafuta ya mmea huu hupaa hewani. Ndiyo sababu twasikia harufu yake upesi.

Namna ya kuyatoa ni hii. Majani hutiwa katika pipa kubwa, na mvuke wa maji ya moto hupitishwa kati yake. Mvuke huyachukua mafuta, kisha hupita katika bomba lililozungukwa na maji baridi, ukageuka kuwa maji tena. Mafuta, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu, yakaenguliwa.

Wataalamu walipoyachungua waliona kwamba ni mchanganyiko wa vitu vingi. Mara nyingi kilicho kingi ni kafuri. Tena mna sineoli, ipatikanayo pia katika majani ya mkaratusi, na limonini, iliyomo katika maganda ya machungwa. Viwango vyake hubadilika kwa mbegu, mahali na wakati wa kuvuna.

Huenda msomaji akauliza, vitu hivi huwauaje bakteria? Kila bakteria amezungukwa na utando mwembamba wenye asili ya mafuta. Mafuta hukubaliana na mafuta. Kwa hiyo dawa hupenya utando huo na kuulegeza, hata yaliyomo ndani yakavuja. Lakini bakteria wengine wana utando wa pili kwa nje, na hao ni wagumu zaidi kuuawa.

Hapa yafaa tuangalie sana. Kuua vijidudu katika kisahani cha maabara si sawa na kumponya mtu. Kafuri ikimezwa ni sumu, na hata kiasi kidogo chaweza kumtia mtoto degedege. Basi mafuta haya yasinywewe, wala mtoto mchanga asipakwe. Na mwenye homa ya mapafu au kidonda kilichooza hana budi kwenda hospitali.

Wakulima wa chama cha Muliru hawakutegemea kuchuma msituni. Waliupanda mmea huu mashambani mwao, na kwa msaada wa kituo cha utafiti cha icipe wakatengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub, yenye mafuta hayo kwa kipimo. Mwaka 2010 chama hicho kilipata Tuzo ya Equator, itolewayo na Umoja wa Mataifa. Mkulima avunaye dawa shambani mwake hana haja ya kuumaliza msitu. Naye aliyejua kipimo chake hatamdhuru mtoto wake kwa kitu kilichokusudiwa kumfaa.