Risasi ya Bei Nafuu kwa Saktun ya Mwanzo

Anayeanza kulenga shabaha hapa Mudhaibi huhesabu gharama za vitu viwili, bunduki na darubini. Risasi huzikumbuka mwisho, na huko ndiko fedha nyingi zinakokwenda. Mtu anayepiga risasi 100 kila wiki humaliza 5,200 kwa mwaka. Bunduki unailipia mara moja, lakini tofauti ya baisa chache kwenye kila risasi unailipa mara 5,200. Kwa hiyo vijana wanaoniuliza wanunue risasi gani wanastahili jibu lenye hesabu ndani yake, si jina la kampuni tu.

Nazungumzia saktun, bunduki ya kipimo cha .22, ambayo mashindano yake yanapendwa sana kwetu Sharqiya na kule Dakhiliya. Risasi yake, ile inayoandikwa .22 LR kwenye pakiti, ilitokea Marekani mwaka 1887 na kichwa chake cha risasi nyeusi bado kina uzito ule ule wa greini 40, yaani gramu 2.6. Haina fataki katikati ya kitako. Kemikali ya kuwashia imetandazwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bunduki hugonga ukingo huo. Ganda likishapigwa halijazwi tena. Muundo huo wa ukingo ndio unaoifanya iwe rahisi kutengeneza na nafuu kununua, na pia ndio chanzo cha kasoro yake kubwa, maana kemikali hiyo haienei sawasawa kila ganda. Baadaye tutaona kasoro hiyo inafika wapi kwenye karatasi ya shabaha.

Lakini kwanza niseme na yule aliyerithi. Kuanzia Ibra mpaka Nizwa, si ajabu kuingia majlisi ya mtu ukakuta Martini-Henry ya babu imetundikwa ukutani. Jeshi la Uingereza liliichukua bunduki hiyo mwaka 1871, na nyingi zilizofika bara ya Oman zilipitia Maskati, ambayo tangu miaka ya 1890 ilikuwa soko kubwa la silaha katika Ghuba, mpaka mwaka 1912 Sultan Faisal bin Turki alipoanzisha ghala maalumu la kudhibiti biashara hiyo. Kijana akiishika tu hutamani kuanza nayo. Namwomba asubiri. Risasi yake, .577/450, ni ya enzi ya baruti nyeusi. Leo hutengenezwa kidogo, ni ghali, inapiga bega kwa nguvu, na mtutu wa umri ule ambao fundi hajaukagua unaweza kumdhuru aliyeushika. Risasi za Lee-Enfield ya .303 zinapatikana kwa urahisi zaidi, lakini bei ya moja inanunua za .22 nyingi.

Waingereza wenyewe walipita njia hii. Vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, viliwaonyesha kwamba askari wao walishindwa shabaha na wakulima. Mwaka 1901 ikaundwa jumuiya ya vilabu vya shabaha vya wafanyakazi, Lord Roberts akiwa mbele kuihimiza, na vilabu hivyo vikachagua .22 kwa sababu ndiyo ambayo mshahara wa kibarua uliimudu. Kiwanda cha BSA cha Birmingham kikawatengenezea bunduki za .22 zenye mtambo ule ule wa Martini. Mzee mwenye Martini ukutani anaweza kumwambia mjukuu wake hivyo, na mjukuu ataipenda saktun yake zaidi.

Sasa tuje dukani. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Ami, hizi za rangi ya dhahabu, zilizoandikwa kasi kubwa, si ndizo bora?" La, mwanangu, kwa kazi yetu si bora. Rangi ya dhahabu ni ngozi nyembamba ya shaba juu ya kichwa, na kasi yake mdomoni mwa mtutu ni kama mita 375 kwa sekunde. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde kwenye hewa ya nyuzi 20, na kama 355 kwenye joto letu la nyuzi 40. Kichwa hicho hutoka kikiwa kasi kuliko sauti, kisha hewa ya mbele inakipunguza kasi, na kabla hakijafika mita 50 kinavuka mpaka wa sauti kurudi chini. Kwenye kuvuka huko kinatikiswa. Kingine kinavuka mapema kidogo, kingine kimechelewa, na matundu kwenye karatasi yanatawanyika.

Risasi za kasi ya kawaida, zilizoandikwa "Standard" kwenye pakiti, hutoka na mita 320 hadi 330 kwa sekunde, chini ya sauti tangu mwanzo. Hakuna mpaka wa kuvuka. Na lipo jambo ambalo watu hawaliamini mpaka walione kwa macho yao: risasi ya kasi kubwa ya .22 hupeperushwa na upepo wa ubavuni zaidi kuliko hii ya polepole. Upepo hausukumi kwa kadiri ya muda wote wa safari. Husukuma kwa kadiri ya muda ambao kichwa kimepoteza njiani kwa kukabwa na hewa, na kichwa kinachotoka juu ya sauti hukabwa mno. Anayepiga kwenye uwanda wa Sinaw baada ya saa tatu asubuhi, upepo ukishaamka, atanielewa.

Hasara ya kasi ndogo ni kuanguka. Bunduki uliyoipanga mita 50, ukilenga mita 100, tundu litakuwa chini kwa zaidi ya sentimita 20. Hilo si tatizo. Kuanguka kunakojulikana hurekebishwa kwenye darubini kwa kuhesabu mibofyo. Kinachomuumiza mlengaji ni kuanguka kusikokuwa sawa, na hapa ndipo ile kasoro ya ukingo inapojitokeza. Risasi mbili za pakiti moja zikipishana kasi kwa mita 10 kwa sekunde, kwenye mita 50 zitapishana urefu karibu milimita 8, na kwenye mita 100 karibu sentimita 3. Duara la alama 10 kwenye shabaha ya kimataifa ya bunduki ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4. Fikiri mwenyewe: milimita 8 zimeondoka kabla mkono wako haujatikisika.

Kwa hiyo kinachonunuliwa kwa bei ya juu ni usawa. Viwanda vikubwa hupima risasi zao kwa kuzipiga na kuzipanga madaraja, na zile zilizolingana zaidi hubandikwa jina la heshima na bei yake. Eley ya Uingereza ina Tenex, Lapua ya Finland ina X-Act, RWS ya Ujerumani ina R50. Chini yao zipo za kila siku: SK Standard Plus kutoka Schönebeck, Ujerumani, mji ule ule Lapua inakotengenezea .22 zake, CCI Standard kutoka Idaho, Marekani, Eley Club. Mwanafunzi aanzie kwenye daraja hili la pili. Zile za kufyatulia makopo, zinazouzwa zimemwagwa kwenye ndoo au boksi moja kubwa, aziache. Hazimfundishi kitu, kwa sababu tundu likienda pembeni hajui kosa ni la nani.

Kwa nini asianzie juu kabisa kama fedha anazo? Hesabu inajibu. Mtawanyiko wa bunduki na risasi, na mtawanyiko wa mlengaji, haujumlishwi moja kwa moja. Hujumlishwa miraba yake, halafu ukatafuta kipeuo cha pili. Tuseme bunduki yako ikiwekwa juu ya mifuko ya mchanga inatoa kundi la milimita 20 kwenye mita 50, na wewe peke yako, ukilala kifudifudi, kutikisika kwako ni milimita 60, ambacho ni kiwango cha kawaida kwa anayeanza. Ukijumlisha unapata milimita 63. Sasa nunua risasi za kifahari zinazoleta kundi la 12 mifukoni. Ukijumlisha unapata 61. Umepata milimita 2. Na kama, kwa mfano tu, moja ni baisa 50 na nyingine baisa 150, kwa zile risasi 5,200 za mwaka umelipa riali 520 zaidi kwa ajili ya milimita 2. Fedha hiyo ingekununulia mazoezi ya miaka miwili zaidi, na mazoezi ndiyo yanayoigusa ile 60.

Jina zuri kwenye pakiti halitoshi, hata hivyo. Kila mtutu una tabia yake, na saktun mbili zilizotoka kiwandani siku moja zinaweza kupenda risasi tofauti. Nunua pakiti moja moja ya aina tatu au nne za daraja lile. Nenda alfajiri, upepo ukiwa bado umelala. Weka bunduki juu ya mifuko, mita 50. Piga 15 za kwanza bila kuzipima, kwa sababu kila kampuni hupaka vichwa nta yake, na mtutu unahitaji kupakwa nta mpya kabla haujatulia. Kisha piga makundi matano ya risasi tano tano, kila kundi kwenye duara lake. Pima umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, tafuta wastani wa makundi yote matano, uandike. Pakiti ya 50 inatosha na zinabaki 10. Usihukumu kwa kundi moja la risasi tatu. Risasi tatu zinaweza kuingia tundu moja kwa bahati, na nimeona watu wakinunua boksi zima kwa sababu ya bahati hiyo.

Ukishapata inayokubaliana na mtutu wako, tazama namba ya bechi iliyopigwa chapa kwenye pakiti na ununue za namba hiyo hiyo, kadiri leseni na mfuko vinavyoruhusu. Bechi nyingine ya jina lile lile ni kama risasi nyingine, ipime upya. Sheria ya Silaha na Risasi iliyotolewa kwa Amri ya Kisultani namba 36/90 inataka leseni kabla ya kumiliki silaha na risasi zake, kwa hiyo panga manunuzi yako na duka lenye ruhusa mapema, usingoje wiki ya mashindano.

Joto letu nalo lina neno. Kiangazi hapa hupita nyuzi 45, na ndani ya gari lililofungwa juani ni zaidi sana. Nta hulegea kama samli, hushuka na kukusanyika upande mmoja, na mchanga wa Sharqiya hauhitaji kualikwa. Ukigusana na kichwa chenye nta unashikilia, na kutoka hapo unasafiri mpaka ndani ya mtutu. Baruti iliyopata joto nayo huungua kwa haraka zaidi na kasi hupanda, kwa hiyo risasi za pakiti iliyokuwa juani na za pakiti iliyokuwa kivulini hazitakwenda pamoja. Tumia kisanduku cha barafu kisicho na barafu, kiweke kivulini, toa risasi kumi kumi. Iliyoanguka mchangani itupe kwenye chombo chake. Usiifute kwa kanzu ukaipiga.

Risasi ikigongwa isilie, acha mtutu uelekee shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo ufungue. Ikilia kwa sauti hafifu isiyo ya kawaida, simama: huenda kichwa kimebaki ndani, na risasi ya pili ikifuata mtutu unaweza kupasuka. Ondoa mtambo, angalia mwanga ukipenya upande wa pili. Usiache udogo wake ukudanganye; kichwa cha .22 kinaweza kwenda zaidi ya kilomita 1.5, na majabali yetu hukirudisha popote. Kilima cha udongo nyuma ya shabaha kinatakiwa, si mwamba. Na kwa kuwa vichwa hivi ni risasi nyeusi tupu, nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa tende na kahawa. Watoto wanaokuja kutazama wasiokote maganda wakayatia mdomoni.

Risasi nafuu kuliko zote ni ile usiyoipiga. Kufyatua bunduki tupu nyumbani, ukiwa umehakikisha chemba mara mbili na risasi ziko chumba kingine, kunafundisha kidole kuliko pakiti nyingi. Ila saktun ina tahadhari yake: kwenye bunduki nyingi za zamani pini, isipokuta ganda, hugonga ukingo wa chemba na kuuchonga. Weka ganda la bandia la plastiki.

Wakati wa kupanda daraja utajulikana kwenye daftari. Kila mwezi andika namba mbili, kundi la mifukoni na kundi lako la kulala kifudifudi. Namba ya pili ikishuka kutoka 63 mpaka 25 au 30, na ya kwanza imebaki 20, hapo sasa risasi ndiyo inayokuzuia. Chukua pakiti moja moja za X-Act, za Tenex, za R50, zipime kwa namna ile ile ya alfajiri, na itakayoshinda itunze kwa siku za mashindano tu. Mazoezi ya wiki yaendelee na ile ya kila siku, ukikumbuka kupiga 15 za kutuliza mtutu kila unapobadilisha.