Laptopu Ndogo Ikizeeka, Usikimbilie Kuitupa

Ndugu mwanafunzi, laptopu ndogo kama Asus Eee PC 1000H ya mwaka 2008 huchelewa kwa sababu RAM yake ni GB 1 tu na diski yake ya kuzunguka husoma polepole. Fanya hivi:

Kwanza, nakili masomo yako kwenye flashi.

Pili, ondoa programu usizozitumia, na zuia zinazojifungua zenyewe unapoiwasha.

Tatu, fundi aongeze RAM na aweke diski ya SSD.

Nne, Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama mwaka 2014. Weka Linux nyepesi kama antiX, ni ya bure.

Prosesa itabaki ileile, lakini kwa kuandika na kusoma itatosha. Wazazi, jaribuni haya kabla ya kununua mpya.