Vitabu vya katuni vya wachoraji wetu: uchukue mali kauli au ununue taslimu?

Tangu niposti picha ya kona ya katuni dukani kwangu, swali ni moja tu: inalipa? Inalipa. Haijanipa gari, ila umeme na sehemu ya kodi ya fremu vinatoka pale, kwenye rafu moja ambayo zamani nilipanga mabahasha ambayo hakuna mtu alikuwa anayaulizia.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nina fremu ndogo ya vitabu na steshenari hapa Dar, jirani na chuo. Madaftari, kalamu na fotokopi ndiyo ugali wa kila siku. Katuni ni mboga.

Tuelewane kwanza ni katuni zipi. Sizungumzii vitabu vya Superman vya mtumba. Nazungumzia kitabu ambacho mchoraji katunga hadithi mwenyewe, kachora mwenyewe na kalipia uchapaji mwenyewe. Kurasa 32, jalada la rangi, ndani nyeusi na nyeupe, pini mbili katikati. Hakuna kampuni nyuma yake wala msambazaji. Kuna yeye, begi la mgongoni na nauli ya daladala.

Na msidhani ni kitu kigeni kwetu. Waliokua miaka ya 80 na 90 wanaikumbuka Sani, jina lililotokana na majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Madenge, nani hakuwajua? Kisha akaja Kingo wa James Gayo. Nyumbani kwetu nakala moja ilizunguka mtaa mzima na kurudi haina jalada. Mtanzania anayesoma hadithi kwa picha yupo. Shida ni kwamba siku hizi akitaka kitabu cha mchoraji anayejitegemea, hajui aende wapi. Hapo ndipo mimi na wewe tunapoingia.

Sasa twende kwenye hela.

Kijana wa kwanza kuniletea kazi alikuja na nakala 100. Kila nakala ilimgharimu shilingi 1,800 kuchapa, jumla 180,000, na pesa hiyo alikopeshwa na mama yake kutoka kwenye kikoba. Kabla hajaja kwangu alishaacha nakala 40 kwenye duka moja mjini. Miezi minne akawa anaambiwa bosi hayupo, rudi wiki ijayo. Mwishowe alirudishiwa 11, hela hakuna. Kwa hiyo aliponifikia hakuniuliza kama vitabu vyake ni vizuri. Aliniuliza, "Dada, nikikuachia, nalipwa lini?"

Swali hilo ndilo biashara yenyewe.

Njia ya kwanza ni mali kauli: unapokea mzigo bila kutoa hela, ukiuza unalipa, usipouza unarudisha. Maduka mengi madogo ya Marekani yanayouza vitabu vya namna hii, kama Quimby's la Chicago lililofunguliwa 1991, kwa kawaida hugawana 60 kwa 40: mwenye kitabu 60, duka 40. Mimi nafuata hiyo hiyo. Kitabu cha 5,000, mchoraji anachukua 3,000, mimi 2,000.

Njia ya pili ni kununua taslimu, bila kurudisha, kwa bei ya chini zaidi. Kwa kijana huyu tulipatana 2,500.

Ipi bora? Chukua kalamu. Nakala 20 kwa taslimu ni 50,000. Zikiisha zote umepata faida ya 50,000. Kwa mali kauli zikiisha zote umepata 40,000. Lakini ukiuza 12 tu, taslimu inakupa faida ya 10,000, mali kauli inakupa 24,000 na hujaweka hata shilingi. Mpaka upo kwenye 17. Ukiuza 16, mali kauli inashinda kwa 2,000. Ukiuza 17, taslimu inashinda kwa 1,000. Kwa hiyo swali unalojiuliza ukiwa umeshika kitabu si kama unakipenda. Ni kama una uhakika wa kuuza 17 kati ya 20. Mchoraji mpya, jina halijulikani, uhakika huo hamna: mali kauli. Mchoraji ambaye watu wanakuja kumuulizia kwa jina: toa hela.

Na upande wake je? Kwa mgao wa 3,000 anahitaji kuuza nakala 60 ndipo 180,000 ya mama irudi. Kwa 2,500 anahitaji 72, ila hela anaipata leo, na kikoba hakisubiri. Mfanyabiashara asiyepiga hesabu ya upande wa pili atapata mzigo mara moja tu.

Jambo hili la kurudisha au kutorudisha limewahi kubadili biashara nzima. Marekani, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, katuni ziliuzwa zaidi kwenye vibanda vya magazeti, na zisizouzika zilirudi. Mwalimu mmoja wa Brooklyn, Phil Seuling, aliyekuwa akiandaa maonyesho ya katuni New York, akawafuata wachapishaji na pendekezo lake: nipeni punguzo kubwa, mimi sirudishi hata kimoja. Wakakubali. Kwa mpango huo maduka maalumu ya katuni yakapata nguvu, kwa sababu nakala isiyouzika mwezi huu hubaki rafuni na kuuzwa mwakani. Gazeti la jana ni la kufungia maandazi, lakini hadithi ya jana bado ni hadithi.

Maduka hayo ndiyo yaliyowapokea Kevin Eastman na Peter Laird mwaka 1984. Walichora Teenage Mutant Ninja Turtles wenyewe, mtaji ukatoka kwenye kodi waliyorudishiwa na mkopo wa ndugu wa familia ya Eastman. Nakala kama 3,000, nyeusi na nyeupe. Ninachokipenda mimi kwenye habari ile si sinema zilizokuja baadaye. Ni kwamba sehemu ya mtaji ule mdogo waliilipia tangazo kwenye jarida la watu wa biashara ya katuni. Wachoraji wetu wengi wanamaliza hela yote kwenye uchapaji, halafu tangazo wanamwachia Mungu.

Upangaji wa rafu nao una siri zake. Kitabu cha pini hakina mgongo, ukikisimamisha kama kitabu cha shule hakionekani kabisa. Lazima jalada litazame mteja. Mimi nimefunga kamba ukutani na vibanio vya nguo, nimetumia 3,000 tu. Toa nakala moja ya kufunua, andika juu yake SOMA HAPA, na ukubali itachakaa. Mtu akisoma kurasa nne amesimama, mara nyingi ananunua. Nyingine weka kwenye nailoni, maana hewa yetu ya pwani inatia pini kutu na alama ya kahawia inaingia kwenye karatasi.

Jambo la wazazi usilipuuze. Watu wanaamini katuni ni ya watoto, basi. Ila Maus ya Art Spiegelman, iliyopata tuzo maalumu ya Pulitzer 1992, inahusu mauaji ya Wayahudi, na Aya ya Marguerite Abouet ni mapenzi na umbea wa mtaani Yopougon, Abidjan. Vitabu vya hapa pia vingine vina mambo ya wakubwa. Soma kila kitabu kabla hujakitundika, cha wakubwa kikae juu. Mzazi mmoja akikasirika, anaondoka na madaftari ya watoto watatu.

Halafu daftari. Kila mchoraji ana ukurasa wake: tarehe, idadi aliyoacha, idadi iliyouzwa, kiasi alicholipwa, sahihi yake na yangu. Nalipa kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kwa simu, hata kama ni 6,000. Asipokuja, namtumia. Hela ya mchoraji naiweka kwenye kopo lake, haichanganyiki na ya mauzo. Najua wengine mtasema ni usumbufu kwa hela ndogo hivyo. Lakini wachoraji wanajuana. Baada ya malipo mawili ya kijana yule nilipata wengine watano bila kutafuta.

Yeye mwenyewe mwezi wa kwanza aliuza 9. Nikamshauri sehemu ya pili isichelewe, maana waliosoma ya kwanza walikuwa wanaulizia. Ilipokuja, 20 zikaisha ndani ya wiki tatu, nami safari hiyo nililipa taslimu. Kizaazaa kikaja upande mwingine: wateja wapya wakaona sehemu ya pili, wakataka ya kwanza, na ya kwanza imekwisha. Nani ananunua hadithi kutoka katikati? Sasa kila mwenye mfululizo namwomba abakize nakala 10 za sehemu ya kwanza nyumbani, asiziuze popote mpaka ya pili itoke.

Sehemu ya tatu ipo kiwandani. Amechapa 150, na nakala 50 kati ya hizo ni za ile ya kwanza. Mama yake alishalipwa 180,000 yake, na safari hii amekataa kabisa kukopesha. Amesema atanunua nakala mbili.