Kuta Zishikane

Mkondo unaoitenga Pemba na Tanga una kina cha zaidi ya mita 700, ilhali bahari iliyo kati ya Unguja na Bagamoyo haifiki hata mita 100. Tofauti hiyo ni kazi ya mipasuko ya ardhi: zamani sana ardhi ya upande huu ilikatika, sehemu ikadidimia, Pemba ikabaki imesimama peke yake. Na mipasuko ya pwani yetu haijalala yote. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilitokea chini ya bahari, kusini-mashariki ya Dar es Salaam, likawatoa watu majumbani. Tetemeko la ukubwa kama huo lilipopiga Kagera, nchi kavu, tarehe 10 Septemba 2016, liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa mamia ya nyumba.

Naitaja Kagera, ambako nyumba za tofali zilianguka, kwa sababu siku hizi Pemba nayo inajenga kwa tofali. Kuanzia Konde hadi Mkoani, nyumba ya kukandika hubomolewa na tofali za saruji zikapangwa pale pale. Silaumu: mchwa hula nguzo, mvua hula udongo. Lakini kuna kitu kinachopotea. Katika nyumba ya kukandika, nguzo zimechimbiwa, fito zimefungwa kwenye nguzo ndani na nje, mawe na udongo vikabanwa katikati. Ikitikiswa, udongo utapasuka na kumwagika, ila fito hupinda na fundo hushika, maadamu nguzo ni nzima. Tofali hazina fundo. Zinasimama kwa uzito wake na kwa udongo-saruji mwembamba ulio kati yake, na hilo linatosha mpaka siku ardhi itakaposukuma kwa ubavu.

Hesabu yake ni nyepesi. Ukuta wa urefu wa mita 6, kimo mita 3 na unene sentimita 15 una uzito wa zaidi ya tani 5. Ardhi ikiutikisa kwa nguvu ya moja ya tano tu ya uzito huo, ni kama umesukumwa ubavuni na tani nzima. Pembe za nyumba ndizo zinazoachia kwanza: ufa hushuka kutoka juu, ukuta mrefu hutengana na mwenziwe, huanguka nje, paa likaufuata.

Dawa yake mafundi waashi wanaijua: linta, yaani mkanda wa zege wenye nondo ndani. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi zina vipande vya linta juu ya mlango na dirisha tu. Linta inayookoa ni ile inayozunguka nyumba nzima bila kukatika. Tazama pembeni: nondo zikiishia hapo, kila ukuta uko peke yake. Zinatakiwa zikunjwe ziingie ukuta wa pili walau nusu mita, zifungwe kwa waya, ndipo zege imwagwe.

Kwa nyumba ambayo tayari watu wanaishi ndani yake, hakuna haja ya kubomoa. Plasta hubanduliwa kwa ukanda wa sentimita 30 au 40 kuzunguka kuta, juu ya milango na madirisha, ndani na nje. Wavu wa chuma uliopakwa zinki hulazwa pande zote mbili, ukuta hutobolewa, waya hupitishwa na kuzikaza nyavu hizo pamoja, kisha hupigwa plasta ya saruji. Kwenye pembe ukanda kama huo husimamishwa wima. Mbao zinazobeba kenchi nazo zifungwe kwenye kuta. Huko Peru, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha mjini Lima kimezijaribu nyumba za tofali za udongo juu ya meza ya kutikisa, zikiwa zimezungushiwa wavu wa kamba za nailoni. Kuta zilipasuka vipande vipande, lakini kamba zilivizuia visianguke. Kwa kisiwa cha wavuvi, kamba si kitu cha kuagizwa mbali, na ningependa sana jaribio hilo lifanyiwe udongo wa Pemba.

Fedha zikiwa chache, mimi ningeanza na ukanda wa juu na pembe za vyumba vya kulala, rangi ikangoja. Wala nisingekubali mchanga wa ufukweni uchanganywe kwenye linta, hata kama uko karibu na ni rahisi. Chumvi yake huozesha nondo, kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani miaka mingi kabla tetemeko lolote halijafika.