MLIMA MMOJA, MAJIRANI WAWILI

Kazimia ni mji mdogo kando ya ziwa Tanganyika, katika sekta ya Ngandja, nchi ya Fizi. Mtu akisimama ufukoni asubuhi, mbele yake huona maji mengi, na ng'ambo ya maji hayo ni Tanzania. Akigeuka nyuma huona milima. Wavuvi hurudi kutoka ziwani na ndagala wao. Wanawake hushuka kutoka mashambani na mihogo kichwani. Ziwa huwalisha watu, na mlima huwalisha pia.

Ukifuata milima hiyo kwenda kusini, utafika kwenye msitu mkubwa. Ndio msitu wa Kabobo. Uso wa ziwa uko mita 770 hivi juu ya bahari, lakini vilele vya milima hii hupita mita 2,000. Huko juu kuna baridi, na ukungu hufunika miti siku nyingi za mwaka.

Msitu huu una wenyewe wawili. Upande wa kaskazini ni wa jimbo la Kivu Kusini, nchi ya Fizi. Upande wa kusini ni wa jimbo la Tanganyika, ambalo mji wake mkuu ni Kalemie. Mpaka wa majimbo hayo hupita juu ya milima, katikati ya miti. Hakuna ukuta, wala boma, wala mlango. Nyani huvuka mpaka bila kuulizwa barua ya njia.

Na maji je? Maji pia hayajui mpaka. Mvua ikinyesha upande wa mashariki wa milima, hushuka kwa vijito mpaka ziwani. Ziwa nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, yaani mto Lukuga, unaoanzia pale Kalemie. Kwa hiyo maji yanayoshuka Fizi, yakitoka ziwani, lazima yapite Kalemie. Mvua ikinyesha upande wa magharibi, hufuata mto Luama. Mito hiyo miwili, Lukuga na Luama, huenda kuingia katika mto mmoja mkubwa, Lualaba. Basi maji yaliyoachana mlimani hukutana tena mbali sana, kama ndugu wawili waliotoka nyumba moja kwa njia mbili.

Msitu una kazi gani?

Mwanafunzi anaweza kujaribu jambo hili mwenyewe. Atafute vibao viwili, aviinamishe kama mteremko wa mlima. Juu ya kibao cha kwanza aweke udongo mtupu. Juu ya kibao cha pili aweke udongo wenye majani na mizizi yake, kama alivyoukata shambani. Kisha amwagie maji kila kibao, kidogo kidogo, kopo moja moja.

Ataona nini? Katika kibao cha kwanza maji hukimbia upesi, nayo huchukua udongo. Chini hukusanyika tope jekundu. Katika kibao cha pili maji hukawia. Majani huyapokea, mizizi huushika udongo, na maji yanayotoka chini huwa haba na masafi zaidi.

Hivyo ndivyo msitu unavyofanya kazi mlimani. Huyapokea maji ya masika na kuyatoa polepole, hata wakati wa kiangazi kijito kisikauke. Na udongo ukibaki mlimani, shamba hubaki na rutuba, na ziwa halichafuki kwa tope pale samaki wanapozalia ufukoni.

Watu wa sekta ya Ngandja wanajua nguvu ya maji. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025, mvua kubwa ilinyesha juu ya kijiji cha Kasaba, kando ya ziwa. Mto Kasaba ulijaa ukapita kingo zake. Ulishuka na mawe makubwa, miti na matope, ukabomoa nyumba watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 60 walikufa, na wengi wao walikuwa watoto na wazee. Mvua kubwa namna ile msitu peke yake hauwezi kuizuia. Walakini mteremko uliovuliwa miti hauna hata kidogo cha kupunguzia ghadhabu ya maji. Ndiyo sababu habari ya msitu si habari ya wanyama tu. Ni habari ya nyumba za watu.

Viumbe visivyopatikana penginepo

Msitu wa Kabobo una mali nyingine pia. Mwaka 1955 mtaalamu wa ndege, jina lake Alexandre Prigogine, aliandika habari za ndege mmoja mdogo wa milima hii. Ndege huyo hajaonekana mahali pengine po pote duniani. Yuko pia mbega mmoja ambaye kwao ni huku tu.

Baada ya mwaka 1960 vita na fujo viliwazuia wataalamu kuingia msituni kwa miaka mingi. Mwaka 2007, tangu Januari mpaka Machi, walirudi. Baadhi yao walikuwa Wakongo wa chuo cha utafiti cha Lwiro, karibu na Bukavu. Wengine walitoka nchi za mbali. Walikuta sokwe, nyati, chui, tembo, na nyani wa namna nyingi. Walikuta pia viumbe sita ambavyo wataalamu hawakuvijua kabla: popo mmoja, panya mmoja, virukanjia wawili na vyura wawili. Mwaka 2013 kirukanjia mmoja wa msitu huu alipewa jina la kitaalamu lenye neno Kabogo, kwa heshima ya milima yake.

Kwa nini viumbe hivi viko hapa tu? Wataalamu wanafikiri kwamba msitu huu ulitengwa na misitu mingine ya Kongo kwa muda wa miaka 10,000 au zaidi. Ni kama kisiwa, ila badala ya maji, umezungukwa na nyasi na mashamba. Kiumbe cha kisiwani, kisiwa chake kikiharibika, hakina pa kukimbilia.

Shida iko wapi?

Milima ya Fizi ina dhahabu. Huko Misisi watu wengi wamekuja kuichimba. Wachimbaji wanahitaji kuni, mbao, makaa na nyama. Wakulima wanahitaji mashamba mapya, na wafugaji wanahitaji malisho. Wote hao si watu wabaya. Kila mmoja ana watoto wa kulisha. Lakini kila mmoja akikata kipande chake, na jirani yake akikata chake, baada ya miaka michache msitu umekwisha, wala hakuna aliyekusudia kuumaliza.

Tena fikiri hivi. Watu wawili wana chemchemi moja katikati ya mashamba yao. Mmoja anaacha miti kuizunguka, mwenziwe anaikata ya upande wake. Je, chemchemi itapona nusu? Haitapona. Kwa hiyo Fizi ikilinda na Kalemie ikikata, kazi ya Fizi ni bure. Kalemie ikilinda na Fizi ikikata, ni vivyo hivyo. Tena mkataji akifukuzwa upande mmoja, atahamia upande wa pili na shoka lake.

Majirani wanapatana

Wataalamu wa mwaka 2007 hawakuhesabu wanyama tu. Walikwenda pia kwa wakubwa wa vijiji, wakawauliza kama wangependa msitu ulindwe. Wakubwa wale walikubali. Ndipo yalipoanza mazungumzo marefu. Milima hii ina watu wa makabila mbalimbali: Wabembe, Waholoholo, Watabwa, na Watwa pia, ambao tangu zamani waliishi kwa kuwinda na kuchuma msituni. Kila kijiji kilikuwa na neno lake. Hifadhi itaishia wapi? Mashamba yetu yatabaki nje? Maneno hayo hayaishi kwa siku moja. Yalichukua miaka karibu kumi.

Katikati ya mazungumzo hayo, mwaka 2015, jimbo kubwa la Katanga liligawanywa, na jimbo la Tanganyika likazaliwa. Mwezi wa Desemba 2016 mkubwa wa jimbo hilo jipya alitia sahihi barua ya kuanzisha Hifadhi ya Kabobo. Eneo lake ni kilometa za mraba 1,477. Upande wa Fizi nako kuna Hifadhi ya Ngandja, inayopakana nayo. Magharibi iko hifadhi ya zamani ya Luama. Hifadhi hizo tatu hugusana kama mikeka mitatu iliyotandikwa pamoja. Mnyama akitoka mkeka mmoja anakanyaga wa pili, hapiti katika vumbi.

Jambo kama hili limefanyika mbali pia. Katika nchi ya Ujerumani iko sehemu iitwayo Ruhr. Watu walichimba makaa ya mawe huko, kama wengine wanavyochimba dhahabu huku. Miji ya Essen, Bochum, Dortmund na mingine ilikua upesi, kila mmoja ukimkaribia jirani yake. Ikawa karibu kukosa hata kipande cha miti katikati. Basi mwaka 1920 miji hiyo iliunganishwa katika chama kimoja, chenye amri ya kulinda miti na mahali pa wazi baina yao. Hakuna mji mmoja ulioweza kufanya kazi hiyo peke yake. Miaka zaidi ya mia imepita, na miji ile ingali ina chama cha pamoja, na miti ingali imesimama katikati yao.

Karatasi hailindi msitu

Je, kazi ya Kabobo imekwisha? La. Barua yenye sahihi ni mwanzo tu. Karatasi haina macho ya kumwona mkataji usiku, wala haina miguu ya kupanda mlima. Nchi ya Fizi imeona vita mara nyingi, na mahali penye bunduki ni vigumu walinzi kupita. Tena mtu mwenye njaa hatasikia maneno ya hifadhi mpaka ajue atakula nini.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya watu wenyewe. Mkulima hulinda msitu anapotunza vizuri shamba lake la zamani, ili asihitaji jipya. Mama hulinda msitu anapopika kwa jiko linalotumia makaa machache. Mwindaji hulinda msitu anapomwacha sokwe apite. Na wakubwa wa pande mbili hulinda msitu wanapoendelea kukaa chini pamoja na kuambiana kweli.

Wazee husema: kidole kimoja hakivunji chawa. Fizi ni kidole kimoja, Kalemie ni kidole cha pili. Mtoto wa Kazimia anapochota maji kijitoni, na mtoto wa Kalemie anapotazama mto Lukuga ukitoka ziwani, maji yao yametoka katika milima ile ile. Hawajuani kwa uso, lakini ni majirani.

MASWALI
1. Msitu wa Kabobo uko katika majimbo gani mawili?
2. Maji ya ziwa Tanganyika hutokea wapi? Huenda kuingia mto gani?
3. Eleza jaribio la vibao viwili. Kwa nini maji ya kibao cha pili hukawia?
4. Mwaka 2007 wataalamu walikuta viumbe gani vipya?
5. Kwa nini haitoshi upande mmoja tu kulinda msitu?
6. Taja kitu kimoja ambacho kijiji chako kinashirikiana na kijiji cha jirani. Nani anakitunza?