Dawa ya sukari haiazimwi

Jirani akikosa dawa ya sukari, usimgawie yako. Vidonge hivi havifanani. Metformini humezwa pamoja na chakula ili isisumbue tumbo. Glibenklamidi hulazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hujala. Mama akiimeza kisha akaenda shambani na njaa, sukari inaweza kushuka mno: anatetemeka, jasho linamtoka, anachanganyikiwa, hata kuzimia. Kama bado anaweza kumeza, mpe haraka maji yenye sukari, kisha chakula. Akizimia, usimtie kitu kinywani. Mkimbize kwenye kituo cha afya. Nawe ukijisikia vizuri, usiache dawa: nafuu hiyo imeletwa nayo. Muulize munganga kwanza.