Penye Wadi, Mhandisi wa Maji Asikilizwe Kwanza

Ardhi ya Ruwi, mtaa wa jiji la Muscat nchini Oman, ni tambarare kiasi kwamba hadi uwanja wa Seeb ulipofunguliwa mwaka 1973, ndege za Muscat zilikuwa zikitua papa hapa, Bait al-Falaj. Leo pamejaa benki, maduka na maghorofa. Utambarare huo katikati ya milima ya mawe una sababu yake: ni changarawe na mchanga ulioshushwa na mafuriko kwa maelfu ya miaka. Mji umekaa juu ya njia ya maji, yaani wadi, bonde kavu linalogeuka mto mvua ikinyesha. Ndiyo maana Ruwi inafaa kutufunza uhandisi ujenzi, taaluma ambayo wengi hudhani ni kusimamisha majumba tu. Matawi yake ni mengi na kila moja lina kazi yake, lakini penye wadi mhandisi wa maji ndiye wa kusikilizwa kwanza.

Mhandisi wa miundo hukokotoa mzigo utakaobebwa na nguzo na mihimili, kisha huamua unene wa zege na ukubwa wa nondo. Mhandisi wa udongo na miamba hutoboa ardhi na kupima sampuli, akasema msingi uende chini kiasi gani, na kama mlima uliokatwa kupisha njia utaporomoka. Wa barabara hupanga kona, miinuko na tabaka za kifusi na lami. Wa mazingira hushughulikia maji safi na majitaka, na msimamizi wa ujenzi huhakikisha kilichochorwa ndicho kinachojengwa. Mhandisi wa maji hupima eneo linalokusanya mvua na kukadiria maji yatakayopita kwa sekunde, ndipo upana wa daraja na ukubwa wa kalvati ujulikane. Akikosea yeye, usahihi wa wenzake haufui dafu: nguzo imara huanguka maji yakichimbua changarawe iliyo chini yake.

Juni 2007 kimbunga Gonu kilithibitisha jambo hilo. Takriban watu 50 walikufa nchini Oman, barabara zilibomoka, na mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari ilisimama, hata watu wa Muscat wakakosa maji ya kunywa baada ya mafuriko. Dar es Salaam nako, karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi, imefurika mara kwa mara. Karakana ni kazi ya usafiri, lakini tatizo lake ni la maji.

Wapo watakaosema kwamba Muscat hupata wastani wa takriban milimita 100 tu za mvua kwa mwaka, hivyo mifereji mikubwa ni ubadhirifu. Wastani huo unaficha hatari. Mvua hiyo huweza kushuka kwa saa chache juu ya miamba isiyonyonya maji, na lami na zege huongeza kasi. Tena, mafuriko yanayoitwa ya miaka 100 hayasubiri karne ipite: kila mwaka uwezekano wake ni asilimia 1, na kwa jengo litakalodumu miaka 50 uwezekano wa kuyaona hukaribia asilimia 40. Wengine watauliza kama tunataka mhandisi mmoja ajue yote. La hasha, ubingwa lazima ubaki. Kinachotakiwa ni mpangilio: hesabu ya maji itangulie, michoro ya nguzo na barabara ifuate. Bwawa la Wadi Dayqah huko Quriyat, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 100, laonyesha kwamba wadi ikipimwa vyema inaweza kuwa akiba badala ya balaa.

Basi wewe unayenunua kiwanja au nyumba bondeni, usiridhike na mchoro wa nguzo peke yake. Ulizia hesabu ya mafuriko, na ukiambiwa haipo, usitoe fedha yako.